Taa Zinazopepesa za Don Leonte

Leonte Paulino hakuwa mlevi, hakuwa mpiga mke, wala hakuwa na mwanamke mwingine mjini Santiago, na kwa sababu hizo watu wote walimwambia Dilenia kwamba amebahatika. Walimwambia hivyo wakiwa upande wa nje wa grili ya chuma, naye akiwa upande wa ndani, na ufunguo wa kufuli ukiwa kwenye mkufu shingoni mwa Leonte, umelala kifuani pamoja na medali yake ya Bikira.

Kila nyumba katika mtaa ule ilikuwa na grili: madirishani, mlangoni, na geti la chuma mbele ya baraza la gari. Wezi walikuwapo, nani atabisha. Basi mtu aliyejifungia mwenyewe kwa kuogopa wezi na mtu aliyefungiwa na mumewe walionekana sawasawa kabisa kwa mpita njia. Wote walikaa kwenye viti vya kubembea, wakapunga mkono, wakaulizana habari za joto. Hilo ndilo lililomtia Dilenia wazimu kuliko kufuli lenyewe. Angelia kwa nani, na angeonyesha nini? Angeonyesha grili?

Asubuhi Leonte alikwenda kwenye duka lake la matairi, na kabla ya kwenda alifunga geti kwa nje. "Kwa usalama wako, malkia wangu," alisema, akambusu kipaji cha uso. Saa sita alirudi kula, akafunga kwa ndani. Simu ya Dilenia ilimponyoka Leonte mikononi ikaanguka mwaka ule wa harusi, na tangu hapo iko kwa fundi. Fundi gani huyo asiyemaliza simu, Dilenia aliacha kuuliza. Kwa majirani Leonte alikuwa amekwisha sema kwamba mkewe ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, maskini, hawezi makelele ya barabarani. Mama yake Dilenia aliongea naye kila Jumapili kupitia simu ya Leonte, sauti ikiwa imefunguliwa ili wote wasikie, na kila Jumapili alimshukuru Mungu kwa mkwe aliyempata.

Mtu mmoja tu alikuwa amesema kitu kingine. Nurys, dada yake, aliyekuwa akilima maharage na mumewe huko San Juan de la Maguana, alimwambia wiki moja kabla ya ile simu kuanguka: "Siku ukitoka, njoo. Usinieleze kitu, njoo tu." Dilenia hakuwa akitaka mengi tena duniani. Alitaka kufika kwa Nurys.

Sasa tuje kwenye taa.

Leonte aliipenda sebule yake kama wengine wanavyopenda watoto. Aliweka dari ya jipsamu, akatobolesha matundu, akapachika safu ya balbu za LED, na ukutani akafunga dima, ile swichi ya kuzungusha inayopandisha na kushusha mwanga. Hakuna mwingine katika ukoo wake aliyekuwa nayo. Jioni aliketi kwenye kochi, akanyoosha mkono, akazungusha taratibu mpaka sebule ikawa na rangi ya asali, kisha akavuta pumzi ya mtu aliyeshiba. Dilenia hakuruhusiwa kuigusa. Akitaka kusoma jarida ilibidi aombe mwanga, na Leonte alimwongezea kidogo, akimtazama kwa mapenzi.

Siku moja balbu mojawapo ikafa. Leonte akanunua nyingine dukani, ya bei poa, akaichomeka. Jioni ile alipozungusha dima, balbu ile mpya ikaanza kupepesa, na wenzake nao wakaanza kuyumba kama wameambukizwa. Kompadre wake, yaani rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyekuwa amekuja na mkewe alicheka mpaka akashika tumbo. Akamwuliza kama amefungua disko, na kama kiingilio ni bure kwa wanawake. Leonte hakulala vizuri. Kesho yake akamleta fundi umeme, binamu yake wa mbali, na kwa ajili ya fundi yule na ngazi yake geti lilifunguliwa lote.

Dilenia alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Aliona barabara bila nondo katikati. Aliona pikipiki ikipita nzima, haikukatwa vipande vipande. Ilikuwa nusu saa tu, na Leonte alisimama pale pale getini muda wote, lakini usiku ule Dilenia alilala akiwaza jambo moja: taa zikipepesa, geti hufunguliwa.

Binamu aliiondoa balbu ile akamwonyesha Leonte maandishi madogo shingoni mwake, kwamba si ya kutumia na dima. Kisha akaomba maji ya kunywa, akamtazama Dilenia akimletea, akasema ahsante kwa sauti ya upole mno. Hapo ndipo alipoharibu. Leonte alimsindikiza mpaka nje na hakumwita tena.

Jikoni kulikuwa na balbu ya kawaida isiyojua habari za dima. Basi Dilenia akangoja Leonte aende kazini, akaweka kiti juu ya meza, akapanda, akaitoa ya jikoni na kuichomeka sebuleni, na moja ya sebuleni akaipeleka jikoni. Jioni disko likafunguliwa tena. Leonte alizungusha dima juu, akazungusha chini, akatukana kampuni ya umeme, akatukana inveta na betri zake, akazipiga balbu makofi. Dilenia alikaa na jarida lake mapajani, akasema pole.

Leonte akakaa na taa zake zinazopepesa kwa muda mrefu kuliko Dilenia alivyotegemea. Tatizo lilikuwa ni fundi. Fundi ni mwanamume, na mwanamume huomba maji. Mwishowe, Jumamosi moja ambayo kompadre na watu wake walikuwa waje kula jioni, alirudi nyumbani mapema amechangamka, akasema amepata dawa: kuna fundi mwanamke. Wateja wake wa matairi wanamsifu. "Kwa mwanamke sina wasiwasi," alisema, akacheka. Kwa akili ya Leonte, hatari zote duniani zilivaa suruali na kuota ndevu.

Fundi aliitwa Maireni. Alivaa suruali, ndevu hakuwa nazo, na alikuja na pikapu kuukuu yenye ngazi juu. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, mwenye kuongea na vifaa vyake. Leonte alifungua kufuli, akangoja ngazi iingie, akafunga tena na kurudisha ufunguo kifuani. Maireni aliutazama mkufu ule ukirudi ndani ya shati.

Alianza kama fundi yeyote wa mji ule angeanza, kwa kuishuku inveta. Umeme ukikatika, na hukatika kila siku, nyumba huhamia kwenye betri bila watu kujua, na umeme wa betri una vishindo ambavyo dima haivipendi. Akaizima inveta. Taa zikaendelea kupepesa. Akauliza kama zinapepesa pampu ya maji ikiwaka, au friji. Leonte akasema zinapepesa hata friji ikiwa imekufa. Akafungua dima ukutani, akakaza skrubu, akaweka dima nyingine ya kwake kwa kujaribu. Zikapepesa.

"Basi ni mtoto mmoja katika hawa anayewachokoza wenzake," Maireni alisema, akapanda ngazi.

Leonte aliishika ngazi huku akiangalia dirisha. Dilenia alikuwa jikoni anapika wali wa maharage kwa ajili ya wageni, nywele zake zimeviringwa kwenye rola tangu asubuhi. Kupitia mlangoni alimwona Maireni akitoa balbu moja, akiigeuza, akiirudisha. Akatoa ya pili. Ilipofika zamu ya ile ya jikoni, Maireni aliishika muda mrefu. Akapitisha kidole gumba juu ya kioo chake, kisha akakisugua kidole kile na chenzake. Dilenia akaelewa. Balbu ile ilikuwa imekaa juu ya jiko mwaka na zaidi, ikila moshi wa ndizi za kukaanga. Ilikuwa na utando wa mafuta. Zile nyingine za sebuleni zilikuwa safi kama zimetoka dukani.

Hakufikiria hilo. Alifikiria kiti, alifikiria meza, alifikiria saa ya Leonte kurudi, na mafuta ya kukaangia ndizi hakuyafikiria. Sasa fundi atasema, Bwana, hii imetoka jikoni, na Leonte atamgeukia mkewe kwa ule upole wake, na baada ya hapo hata kiti hatakiacha ndani ya nyumba.

Maireni alimtazama kutoka juu ya ngazi. Alitazama zile rola, akatazama taa ya jikoni iliyokuwa inawaka juu ya kichwa cha Dilenia, imetulia tuli. Kisha akairudisha balbu yenye mafuta mahali pake.

"Balbu hazina neno," alimwambia Leonte. "Don, boksi la breka za umeme liko wapi?"

Liko ua wa nyuma, karibu na pampu. Maireni akamwomba aende azime breka ya sebule, ahesabu taratibu mpaka ishirini, aiwashe, na arudie mpaka aambiwe basi. Leonte alisita. Akalitazama kufuli la geti, limefungwa. Akapapasa kifua, ufunguo upo. Akaenda.

Taa zikazimika, na kutoka uani ikasikika sauti yake ikihesabu.

Maireni akashuka na kuja mlango wa jikoni. "Ile umeiweka wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ili geti lifunguliwe," alisema.

Huko nyuma Leonte alikuwa amefika tisa.

"Una pa kwenda?"

"Kwa dada yangu, San Juan."

"Atakupokea?"

"Alisema nije tu, nisimweleze kitu."

"Sikiliza, dada. Mimi siwezi kupigana na mumeo. Nina watoto, na nikisemwa vibaya mji huu sipati kazi tena. Mimi nimekuja kutengeneza taa, na nitazitengeneza. Ninachoweza ni kuliacha geti wazi kidogo. Miguu ni ya kwako."

Taa zikawaka. Leonte akauliza kwa sauti kama anaendelea. Maireni akamwambia inatosha, arudi.

Aliporudi, Maireni alikuwa amekunja uso kama daktari mwenye habari mbaya. Akamweleza kwamba huenda ubaya uko kwenye umeme wenyewe unaoingia nyumbani, na njia ya kujua ni kuzilisha taa hizi umeme mwingine, kutoka kwenye inveta ndogo aliyonayo ndani ya pikapu. Atavuta waya kutoka barabarani mpaka boksi la pili, lile la pale barazani. Kuna kazi na darini pia. Mtu lazima awe juu, kichwa ndani ya tundu kubwa la kukagulia nyaya, ameshika nyaya mbili, kila mkono waya wake, zisigusane.

Waya kutoka barabarani maana yake geti wazi. Leonte aliliona hilo upesi kuliko alivyoona jambo lingine lolote siku ile. Akasema waya upite chini ya geti. Maireni akamwonyesha kwamba geti lake linafika mpaka sakafuni, kazi nzuri, aliyelichomelea hakufanya mzaha. Waya ukibanwa na chuma kile utachubuka, na ukichubuka geti zima litakuwa na umeme. Leonte akafikiri.

"Nitasimama mimi getini," akasema.

"Vizuri," Maireni akasema. "Basi mimi napanda."

Akavuta ngazi katikati ya sebule, mbele ya dirisha kubwa la barabarani, akapandisha suruali kiunoni kwa mikono miwili na kuanza kupanda. Ngazi ikalia. Leonte, kutoka barazani, aliona picha yote jinsi mtaa utakavyoiona: mwanamke mnene yuko juu ya ngazi sebuleni kwake, makalio dirishani, na yeye mwenye nyumba amesimama getini kama bawabu. Na kompadre anaweza kutokea wakati wowote. Shingo yake ilibadilika rangi.

"Shuka," alisema. "Mwanamke hapandi tena ngazi ndani ya nyumba yangu na mimi nimesimama tu."

"Utaweza, Don? Mikono isitetemeke."

"Nimefunga matairi ya malori kabla hujazaliwa."

Hilo halikuwa kweli, kwa kuwa walikuwa rika moja, lakini Maireni akashuka. Leonte akafungua geti, akavuta bawa moja kwa upana wa waya na kidogo zaidi, akalitazama, akamtazama mkewe. Kisha akapata wazo, na lilikuwa wazo lake mwenyewe, hakuna aliyemtia. Akamwita Dilenia aje sebuleni, akamsimamisha chini ya zile taa. Yeye akiwa na kichwa darini hataona kitu. Basi atakuwa akimuuliza kama taa zinacheza, na mkewe ajibu. "Kila nikikuita, ujibu. Umesikia, malkia wangu? Nataka niisikie sauti yako."

Dilenia akasema amesikia.

Leonte akapanda, akaingiza kichwa na mabega ndani ya tundu la dari. Kutoka chini alibaki kiuno, miguu na viatu vilivyong'arishwa. Maireni akampandia nyuma hatua mbili tatu, akamkabidhi waya mkono huu na waya mkono ule, akamsihi asiziachie hata pua ikimuwasha. "Zikigusana, Don, mimi sitakuwa na la kumwambia mama yako." Kisha akashuka, akapita karibu na Dilenia, akanong'ona kwamba zile ni nyaya za feni iliyoondolewa zamani, hazina hata tone la umeme. Akatoka kwenda barazani na kuinama mbele ya boksi.

"Dilenia! Inacheza?"

Zilikuwa zinacheza kweli, safu nzima, na ile yenye mafuta ikiongoza.

"Bado inacheza."

Alikuwa ameingoja nafasi hii kwa miezi, ameipanga kichwani akiwa anaosha vyombo, akiwa anapiga deki, akiwa amelala na mkono wa Leonte umemlemea kifuani. Katika mipango ile yote alikuwa anakimbia. Sasa alisimama tu. Aliogopa, na hakuna neno zuri zaidi la kulitumia. Aliviogopa vile viatu juu ya ngazi. Aliwaza kwamba Leonte hajampiga hata siku moja, kwamba ndani kuna chakula, kwamba Nurys huenda amebadili mawazo, kwamba mama yake Jumapili atasema nini.

Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni.

"Dilenia! Inacheza?"

"Bado inacheza."

Sauti ilitoka sawa. Hatua nyingine, na nyingine, na kizingiti. Barazani jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya sakafu. Waya wa Maireni ulilala kutoka kwenye boksi hadi getini, na bawa la geti lilikuwa limeacha uwazi ambao mtu angepita kwa ubavu. Maireni hakugeuka. Alikuwa akiligonga boksi kwa mpini wa bisibisi, akilisemesha, kazi isiyo na maana yoyote.

Dilenia akasimama tena. "Wali," akanong'ona. Ulikuwa motoni. Maji yanakaribia kukauka, na kama hakupunguza moto utaungua, na wageni wanakuja. Mguu wake mmoja ukageuka kabisa kurudi ndani. Alikuwa tayari kurudi kifungoni kwa ajili ya sufuria.

"Wali nitauepua mimi," Maireni akasema, bado ameinama. "Nenda."

"Dilenia!"

Alikuwa ameshika chuma cha geti. Akageuza uso nyuma, akaipandisha sauti kwa kiasi tu, kama mtu aliyeinama kuokota kitu pale pale sebuleni. "Bado inacheza!"

Akapita. Rola mbili zilikwaruza nondo, mfuko wa gauni ukashikwa, ukaachia. Akawa nje, na malapa ya nyumbani, bila pochi, nywele zimeviringwa. Kwa hilo la nywele hakuna ambaye angemshangaa: Jumamosi ya Santiago nusu ya wanawake hutembea na rola barabarani, wakingoja jioni. Alionekana kama mke yeyote anayekimbilia duka la pembeni kununua kitunguu.

Lakini ng'ambo ya barabara, hatua chache tu kutoka pale, alikuwa amekaa doña Ercilia.

Doña Ercilia alikuwa mjane mwenye macho ya kunguru. Alikaa nyuma ya grili yake tangu kahawa ya asubuhi hadi giza, na hakuna gari lililopita mtaani asijue linakwenda kwa nani. Leonte alimpelekea parachichi kila yalipoiva, naye kila alipomwona Dilenia dirishani alimpigia kelele kwamba ana bahati, mume anayefunga mlango ni mume anayejali. Kama kuna mtu aliyemzidishia Leonte shaka juu ya yule binamu, ni yeye. Na sasa alikuwa na karai la mbaazi mapajani, anamenya, na mikono yake ilikuwa imesimama. Alikuwa anamtazama Dilenia, akatazama geti, akatazama ngazi iliyoonekana dirishani na ile miguu ya mwanamume asiye na kichwa.

Dilenia alijua kitakachofuata. Doña Ercilia atafungua kinywa na kumuuliza anakwenda wapi, tena kwa ile sauti yake inayofika mpaka mtaa wa pili, na Leonte atashuka.

"Dilenia! Inacheza?"

Mtaa ule ni mwembamba na madirisha yake ni ya vibao vya kufungua. Sauti ya Leonte ilitoka nje kama alikuwa amesimama hapo hapo. Dilenia alifungua mdomo kwa mazoea. Akakumbuka. Akijibu kutoka huku, Leonte atajua ni huku. Asipojibu, atajua zaidi. Alibaki katikati ya lami, mdomo wazi, na miguu ikakataa pande zote mbili.

"Dilenia!" Sasa ilikuwa sauti nyingine, ile ya chini yenye upole, ambayo yeye peke yake ndiye aliyeifahamu. Au ndivyo alivyodhani siku zote.

Doña Ercilia aliweka kiganja pembeni ya mdomo wake. Hakumwondolea Dilenia macho.

"Bado inacheza!" aliita, na sauti yake nzito ilikuwa imegeuka nyembamba, ya mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ya mke mtiifu. "Usiachie!"

Kutoka darini ikasikika sauti ya Leonte, imeridhika, ikisema sawa.

Dilenia alisogea mpaka kwenye grili ya yule mzee bila kujua amesogea. Doña Ercilia alikuwa amerudi kwenye mbaazi zake, vidole vinakwenda. Akamwambia asipite barabara kubwa, kwani huko ndiko liliko duka la matairi na vijana wa dukani wanamjua sura; apite nyuma ya kanisa, magari ya kwenda stendi yanasimama hapo. Akaingiza mkono ndani ya blauzi yake, akatoa noti zilizokunjwa, akazisukuma katikati ya nondo bila kuzitazama.

"Ulikuwa unajua," Dilenia akasema.

"Marehemu wangu alikuwa na mkufu kama ule," doña Ercilia akasema. "Nenda, mwanangu. Nitamjibu mpaka mikono imchoke."

Dilenia akazishika zile noti na akatembea. Hakukimbia, maana mwanamke mwenye rola anayekimbia hutazamwa. Alipokata kona ya kanisa alisikia nyuma yake, kwa mbali, mume wake akimwita kwa jina, na mwanamke mwingine akiitika.